Kabla ya kubomoa ukuta wa ndani, anza kuangalia juu

Kugonga ukuta na kusikiliza mlio hakutakuambia kama unabeba mzigo. Mlio unaonyesha tu umejengwa kwa nini. Unene nao hautoshi kuamua: zipo nyumba nyingi za zamani ambazo ukuta wa tofali wa sentimita 10 ndio ulioshika sakafu ya juu, na ukuta mwepesi wa fremu za mbao huweza kubeba paa.

Fuata mzigo kutoka juu. Ingia darini na tochi, utafute ukuta wenyewe ulipo. Ukikuta nguzo fupi za paa zimesimama juu yake, au mbao za dari zimeungwa kwa kupishana hapo, huo unabeba, hakuna mjadala. Mbao zinazoukatiza ni dalili ya hatari. Zinazokwenda sambamba nao ni dalili njema, ila si uthibitisho. Angalia pia kama kuna tangi la maji, au ukuta mwingine wa ghorofa ya juu uliokaa papo hapo.

Penye slabu ya zege ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kuamini kwamba nondo zitajishikilia zenyewe. Juu ya ukuta unaobeba, nondo kuu za slabu hupangwa upande wa juu, maana hapo ndipo zege linapovutwa. Ukuta wa katikati ukiondoka, mvuto unahamia upande wa chini, ambako huenda nondo ni chache. Na nafasi ikiongezeka mara 2, nguvu ya kupinda kwa slabu iliyoegemea kuta mbili tu huongezeka mara 4. Hapa usikisie kamwe. Mhandisi wa majengo aone ramani, na kama haipo, achunguze nondo zilivyolala kabla nyundo haijainuliwa.

Kuna pia ukuta usiobeba chochote juu, lakini unauzuia ukuta mrefu wa nje usiyumbe. Huo husahaulika mno.

Ukuta ukibainika kuwa unabeba, jeki za chuma (nguzo za muda za kushikilia mzigo) zitangulie, pande zote mbili, kiasi cha sentimita 60 kutoka ukutani na zisiachane zaidi ya sentimita 90, zikisimama juu ya mbao nene ili zisitoboe sakafu. Boriti mpya ya kushika nafasi ya ukuta, ambayo ukubwa wake ameukokotoa mhandisi, ilale angalau sentimita 15 kila upande, juu ya kipande cha zege. Ikikaa moja kwa moja kwenye tofali laini, tofali husagika na boriti hushuka. Jeki zisitolewe kabla zege na udongo wa saruji havijakomaa.

Zima umeme kwenye swichi kuu, upime kwa testa, ufunge na maji. Dari ya zamani yenye asbesto isikatwe wala kutobolewa. Kumbuka kifusi: ukuta wa bloku za zege wa sentimita 10, wenye urefu wa mita 3 na kimo cha mita 2.7, unaweza kuwa na uzito unaozidi tani 1.5, kwa hiyo kifusi chake kisirundikwe kwenye sakafu ya juu.

Hata ukuta uliothibitishwa kuwa wa kugawa vyumba huweza kulaliwa na mbao zilizopinda kwa miaka. Ukikata nguzo ya kwanza ya fremu yake na msumeno ukabanwa, acha kukata, weka jeki, umwite mhandisi.