Umechafuliwa jina? Kabla hujamjibu, fanya hivi

Najua ukikuta mtu kakuandika "huyu ni mwizi" kwenye grupu mkono unawasha unataka umrudishie hapo hapo. Usimjibu. Ukimtukana na wewe unampa cha kukushtaki nacho. Piga skrinishoti kwanza, na iwe kamili, maneno yote, jina au namba ya aliyetuma, tarehe na saa, alafu fungua ile sehemu inayoonyesha idadi ya memba upige na hiyo. Wengi wanapiga kale kamstari kalikowauma tu, jamaa akishafuta wanabaki na kipande ambacho atasema umekitengeneza mwenyewe. Kama ni posti ya wazi kopi na linki. Alafu tafuta watu wawili watatu walioisoma, wakubali kuja kusema walijua anasemwa wewe, maana hata bila jina kutajwa kesi inasimama kama watu wamekutambua.

Kwa nini nawang'ang'ania hao walioisoma? Kwa sababu kashfa siyo vile ulivyoumia wewe, ni vile wengine walivyoanza kukuona. Akikutukana inbox mkiwa wawili tu, hata akutukane mpaka kizazi cha saba, hiyo siyo kashfa.

Sasa swali gumu, jijibu ukiwa peke yako: alichosema ni kweli? Kama ni kweli tulia tu, ukweli ndio ngao yake kubwa na mahakamani utaanikwa upya. Pia "kazi yake mbovu sijaipenda" ni maoni, ila "alichukua advansi akazima simu" hiyo ni tuhuma ya tukio, hapo una pa kushika. Yaliyosemwa na shahidi kizimbani au mbunge bungeni yana kinga, usihangaike nayo.

Usilale, muda wa kufungua hizi kesi ni mfupi, Kenya na Uingereza ni mwaka mmoja tu.

Hatua inayofuata ni barua ya madai. Nukuu maneno yake vile vile alivyoyaandika, siyo "alinikashifu", sema yalitoka wapi na lini, yana uongo gani, alafu mtake afute na aombe radhi pale pale alipoandikia, mpe siku za kujibu. Nyingi zinaishia hapa na kwa maoni yangu ni afadhali.

Akigoma ndo tunakuja kwenye hela. Fidia ya jumla ni ya heshima yako, hakimu anaangalia uzito wa tuhuma, ilifika kwa wangapi, na jamaa aliomba radhi au alirudia. Fidia maalum ni hasara unayoweza kuihesabu, kwaiyo tunza ile meseji ya mteja anayesema "nimesikia mambo yako, tuache tu ile kazi", bila karatasi hupati kitu. Uingereza tangu sheria ya kashfa ya 2013 lazima uonyeshe jina limeumia sana, na kampuni ionyeshe hasara kubwa ya fedha.

Na kushinda siyo lazima upate hela. Mwaka 1964 London daktari mmoja alimshtaki mwandishi wa riwaya, akashinda, fidia aliyopewa ni nusu peni, na bili ya gharama za kesi ikamwangukia yeye. Kwaiyo siku ya kwanza kwa wakili muulize kesi itakula shingapi, alafu umuulize kama huyo jamaa ana hata cha kulipa.