Kabla ya Kuomba Akselereta, Toa CR12 Uisome

Ndugu zetu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega na Bungoma mnaoishi Marekani na Ulaya, mkitaka kuingiza kampuni changa kwenye akselereta (programu inayoipa kampuni mtaji na malezi kwa kubadilishana na hisa) msianze na video wala maneno ya kujipamba. Ingia eCitizen usiku huu, toa CR12, hati rasmi ya Msajili wa Makampuni inayoorodhesha wakurugenzi na wanahisa, usome nani ana hisa ngapi. Hapo ndipo wengi wetu tulipoumia, na tuliumia tukiwa tayari tumeshaitwa kwenye usaili.

Hati yenyewe huwa hivi. Kampuni ina hisa 1,000. Kaka aliyebaki Kisumu ana 400, kwa kuwa ndiye aliyehangaika na usajili. Binamu ana 300, kwa sababu mtu fulani alisema sheria inataka angalau watu wawili. Wewe unayeandika programu usiku baada ya zamu una 300. Sheria haitaki hivyo. Ile ya zamani ndiyo iliyodai wanahisa wawili. Sheria ya Makampuni ya 2015 inaruhusu kampuni binafsi ya mwanahisa mmoja na mkurugenzi mmoja. Ukiwa na kitambulisho na PIN ya KRA, unasajili ukiwa hukohuko Minnesota. Kaka hakukudanganya, alifuata aliyosikia. Lakini usimwandikie mtu hisa kwa shukrani. Shukrani ina njia nyingine.

Akselereta inajali nini hapo? Katika hatua hii kampuni haina mali. Kinachonunuliwa ni waanzilishi na miaka yao ijayo. Y Combinator, akselereta maarufu ya Marekani, husaili kwa dakika kama 10 tu, na katika dakika hizo hutaka kujua nani anajenga, nani anauza, na kama mtabaki pamoja mambo yakiwa magumu. Asilimia 70 ikiwa mikononi mwa watu wasiofanya kazi kwenye kampuni, wanaona mjenzi atakayechoka mwaka wa pili. Na hawatakuelimisha kuhusu udugu. Watakataa, basi.

Sasa fuata pesa. Y Combinator hutoa dola 500,000 kwa mikataba miwili ya SAFE, yaani mwekezaji anatoa pesa leo na kupewa hisa baadaye. Dola 125,000 ni kwa asilimia 7 ya kampuni. Dola 375,000 zilizobaki hazina bei siku unaposaini. Huchukua masharti mazuri kuliko yote utakayompa mwekezaji atakayefuata. Tuseme baadaye unachukua dola 500,000 nyingine kwa SAFE yenye kikomo cha thamani cha dola milioni 5, yaani thamani ya juu kabisa ya kampuni itakayotumika kupiga hesabu ya hisa zake. Huyo amepata asilimia 10. Zile 375,000 nazo zinashika kikomo hichohicho: asilimia 7.5. Ongeza 7 ya mwanzo, jumla 24.5. Halafu inakuja awamu ya kwanza ya hisa zenye bei: tuseme mwekezaji anachukua 20, na 10 inatengwa kwa wafanyakazi. Wenye CR12 wote kwa pamoja wamebaki na takriban 53. Fungu lako la asilimia 30 ndani ya hiyo 53 halifiki 16 ya kampuni, na kaka asiyejua hata nywila ya seva ana 21. SAFE hizi za sasa hazipunguzani zenyewe kwa zenyewe. Mzigo wote unawaangukia mliokuwemo kabla. Usisaini SAFE ya pili kabla ya kupiga hesabu hii kwa kalamu.

Techstars, akselereta nyingine ya Marekani, ni mfumo uleule kwa kipimo kingine: dola 20,000 kwa asilimia 5, na dola 200,000 kwa SAFE isiyo na kikomo. Akselereta za aina hii hazitozi ada ya kuomba. Anayekudai pesa ili akufikirie, mwache.

Marekebisho yafanyike kabla ya kuomba, si baada ya kukubaliwa. Kuhamisha hisa Kenya kunahitaji fomu iliyosainiwa na anayetoa, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na anayetoa anaweza kudaiwa kodi ya asilimia 15 ya faida. Leo thamani ni ndogo. Kesho gazeti likiandika jina la kampuni si ndogo tena. Kaka akikataa kusaini, huna la kumlazimisha. Akifariki, Mungu apishe mbali, hisa zinangoja usimamizi wa mirathi, na akselereta haingoji. Nenda nyumbani mzungumze mkiwa mmeketi, si kwenye WhatsApp. Pesa aliyotoa mama mdogo iandikwe kama mkopo, na ilipwe. Kisha sahihisha pia orodha ya wamiliki wanufaika, yaani watu wanaoimiliki au kuidhibiti kampuni kwa kweli.

Waelezeni wazee mapema kwamba dola 500,000 si harambee wala si mshahara. Zinaingia akaunti ya kampuni. Hakuna kiwanja cha Kiamunyi humo.

Yaliyobaki ni ya kawaida. Kampuni mama, mara nyingi ya Delaware, humiliki ile ya Kenya kwa asilimia 100, na kila mwanahisa wa Kenya husaini kubadilisha hisa zake kwa hisa za kampuni mama. Kwa hiyo tena, CR12 kwanza. Kijana wa Nakuru aliyewaandikia programu asaini hati ya kuikabidhi kampuni haki za programu hiyo. Video iwe dakika moja, waanzilishi tu, bila muziki. Kwenye fomu andika “mama 40 wauza samaki wa Dunga wanalipa Sh200 kila wiki”, si “tunaleta mapinduzi”. Mwenye viza ya mwanafunzi anaweza kumiliki hisa, ila kufanya kazi kwenye kampuni bila kibali kunamweka pabaya. Mwone wakili wa uhamiaji.

Wamarekani hawa ni wepesi wa kusifu. Mwekezaji atasema amelipenda sana wazo lako, na huenda ndiyo mara ya mwisho kumsikia. Kwetu mtu akisema hivyo huku amekushika mkono, ameahidi. Kwao ahadi ni karatasi na pesa iliyoingia benki. Tunaona ni utamaduni baridi, lakini karatasi yao ingetuokoa na ugomvi mwingi wa kifamilia.

Na karatasi moja isikuponyoke. Ukiwa mlipakodi wa Marekani, hisa zako za Delaware zikiwa zinaiva (zinakuwa zako kabisa) kidogokidogo kwa miaka 4, tamko la 83(b), la kuchagua kutozwa kodi kwa thamani ya siku uliyopewa hisa, lazima litumwe IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndani ya siku 30 tangu upewe hisa. Si siku 30 za kazi, na hakuna nyongeza. Ukichelewa, kila fungu linapoiva unatozwa kodi kwa thamani ya siku hiyo, kwa hisa usizoweza kuuza. Litume kwa posta ya rejista, na risiti yenye muhuri wa tarehe uifungie pamoja na cheti cha hisa.