Tanga mjini, Amani msituni: safari ya siku nne

Wengi huipanga safari hii vibaya. Wanakodi gari Tanga asubuhi, wanafika Amani, hifadhi ya msitu iliyo kwenye milima ya Usambara Mashariki, saa tano, wanatembea njiani saa sita mchana jua likiwa utosini, kisha wanarudi wakisema msitu hauna wanyama. Wanyama wapo, ila saa hiyo wametulia. Msitu wa Amani una saa zake mbili: alfajiri mpaka kama saa tatu asubuhi, halafu saa moja na nusu usiku mpaka saa nne. Mji nao una asubuhi yake na jioni yake, kwa kuwa adhuhuri ya Tanga ni joto na mwanga mkali unaofuta nakshi zote za ukutani. Panga kwa saa hizo, si kwa orodha ya vivutio, na siku nne zitatosha: ulale Tanga mara moja, Amani mara mbili.

Anza na mji, kwa sababu historia ya mlimani imepitia hapa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya hii, aliokota kimmea chenye maua ya zambarau akapeleka mbegu kwao. Leo mmea huo, Saintpaulia, unapandwa kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima. Mwaka 1893 reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga. Mwaka huohuo Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikafika 62 tu ikiwa hai, na humo ndimo yalimozaliwa mashamba utakayoyaona pande zote za barabara ya Muheza. Mwaka 1902 Wajerumani wakafungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani. Mtu aliyeiona bandari na reli kwanza huuelewa msitu kwa urahisi zaidi.

Siku ya kwanza: mjini

Toka saa moja na nusu asubuhi. Anzia upande wa bandari na stesheni ya reli, pita kwenye mnara wa saa, kisha nenda Boma la Mjerumani lenye makumbusho ya Urithi Tanga. Piga simu siku moja kabla kuulizia mlango unafunguliwa saa ngapi, usije ukakuta kufuli. Ndani tafuta picha za zamani za mjini, uzipige macho vizuri, maana saa moja baadaye utakuwa umesimama mbele ya nyumba hizohizo.

Kutoka hapo ingia mitaa ya maduka, ukipita Barabara ya Soko. Hapa nenda polepole. Kosa la kawaida ni kutazama usawa wa macho, mahali penye mabango na rangi mpya. Vuka upande wa pili wa barabara, simama, utazame ghorofa ya juu: roshani za mbao, vishikizo vya chuma, na chini ya ukingo wa paa, kwenye nyumba nyingi za wafanyabiashara wa Kihindi, mwaka wa ujenzi au jina la mwenye nyumba. Chini utaona varanda iliyoachwa ili mnunuzi asinyeshewe wala asichomwe na jua. Pale plasta ilipobanduka tazama ukuta wenyewe: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa namna hiyo huufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma plasta, nayo inavimba na kuanguka. Ndiyo maana baadhi ya kuta zilizokarabatiwa juzi zina hali mbaya kuliko zile zilizoachwa tu.

Malizia Ngamiani, yenye barabara zilizopewa namba, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja. Humo mpangilio ni wa Kiswahili kwelikweli: nyumba za chini, baraza mbele, watu barazani. Salimia kabla ya kuinua simu upige picha, na ukikataliwa, kubali. Bandari, mahakama, polisi na jeshi usivipige picha kabisa.

Saa kumi jioni shika barabara ya Ras Kazone. Utapita Bombo, lilipo jengo la zamani la hospitali ya Wajerumani linalotazama bahari. Majeshi ya Uingereza yaliyotoka India yalishuka upande huu Novemba 1914, yakiwa mengi kuliko ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na yakashindwa. Nyuki waliovurugwa na risasi waliwashambulia askari katikati ya mapigano. Makaburi ya vita hiyo bado yapo mjini.

Ukiwa na usafiri na nusu siku ya ziada, nenda magofu ya Tongoni, njia ya Pangani, yenye msikiti na makaburi zaidi ya arobaini. Mapango ya Amboni ni mazuri lakini yaache kwa safari nyingine.

Siku ya pili: kupanda

Gari za abiria za Amani huondoka Muheza mchana na kushuka kutoka mlimani alfajiri. Ratiba hiyo ndiyo inayotawala safari yako. Kwa gari la abiria huwezi kwenda na kurudi siku moja, na ukichelewa Muheza umepoteza usiku wa kwanza, ambao ni mmoja kati ya usiku mbili tu za msituni. Toka Tanga saa tatu asubuhi. Muheza ni kama kilomita 40 za lami. Ukifika, fanya mambo matatu kabla ya kula: uliza gari linaondoka saa ngapi na ukate nafasi, toa pesa taslimu, kisha piga simu hifadhini uthibitishe chumba na mwongozaji. Malipo ya hifadhi ni kwa kontrol namba, yaani namba ya kulipia malipo ya serikali. Omba utumiwe mapema ulipie ukiwa Muheza, kwa sababu huko juu mtandao unapotea na utakwama langoni na salio lako mkononi.

Kutoka Muheza ni kama kilomita 35 za vumbi, tope na kona. Lango liko Zigi. Nyumba ya Kijerumani iliyopo hapo ilikuwa ya mkuu wa stesheni. Reli ndogo ilitoka Tengeni ikaishia hapa, ikisomba mbao. Kuanzia Zigi njia inapanda sana mpaka Amani, iliyo kama mita 900 juu ya usawa wa bahari. Hewa inabadilika, utahitaji sweta. 

Usiku huohuo toka na mwongozaji saa moja na nusu. Tochi ya kichwani iwe na betri mpya. Kinyonga ndiye anayetafutwa hasa, na namna ya kumpata ni hii: amelala kwenye ncha ya kijiti au jani, sehemu ambayo nyoka hawezi kuifikia bila kuitikisa, na ngozi yake imepauka. Mwanga ukimpiga anaonekana mweupemweupe kwenye majani ya kijani. Peleka mwanga taratibu, kuanzia usawa wa goti mpaka mita tatu au nne juu, pembezoni mwa njia. Ukimpata, usimguse wala usitikise tawi.  Mwangalie dakika moja, uhamishe mwanga. Ukibahatika utaona dume mwenye pembe tatu, Trioceros deremensis, wa Usambara. Chini, kwenye vijiti na mimea mifupi, wapo wengine wadogo kama kidole, wanaofanana na jani lililonyauka, kwa hiyo tazama kabla ya kukanyaga.

Zima tochi usikilize. Milio midogo mikali inayotoka majanini ni ya chura Nectophrynoides tornieri, mfupi kuliko kidole gumba. Jike wake hatagi mayai majini. Huzaa vichura vilivyokamilika, bila hatua ya kiluwiluwi nje. Ni maajabu makubwa kuliko tembo yeyote, na wageni wengi humpita bila kujua.

Siku ya tatu: alfajiri

Amka saa kumi na moja, uwe njiani kabla ya saa kumi na mbili na robo. Darubini ya 8x42 inafaa kuliko ya 10x: msituni giza ni jingi na mkono hutetemeka. Kosa la wengi ni kutembea. Chagua mahali ambapo njia inapita juu ya bonde, vilele vya miti vikiwa usawa wa macho yako, usimame dakika kumi na tano. Ndege wa hapa huja kwa makundi mchanganyiko. Kundi likipita utaona aina nyingi kwa pamoja, kisha kimya. Ndege chozi wa Amani hukaa vileleni, na kumtafuta ukiwa chini kutakuumiza shingo tu. Artisornis moreaui, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu ambaye duniani anajulikana hapa na kaskazini mwa Msumbiji tu, mtafute kwenye mitambaazi ya ukingo wa msitu, hata karibu na nyumba.

Hondohondo utawasikia mbawa kabla ya kuwaona. Wanakula matunda ya mesopsis, mti uliopandwa hapa na watu, na kwa kuyabeba wameusambaza mpaka ndani ya msitu wa asili. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mesopsis kando ya mtambara na msambu, miti ya asili ya hapa, uone tofauti. Mbega huota jua juu ya miti asubuhi. Kima hushuka mpaka kwenye mashamba.

Mchana pumzika au pita bustani ya mimea. Saa tisa panda kilima cha Mbomole kwa mandhari. Maua ya Saintpaulia yapo kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Usichume hata jani.

Msimu: Juni mpaka Septemba na Januari mpaka Februari barabara ni nzuri. Masika, Machi mpaka Mei, gari hukwama, ingawa vyura ni wengi. Mvua za vuli ni njia ya kati kwa anayependa vyura kuliko starehe.

Chomeka suruali ndani ya soksi. Ukikanyaga msafara wa siafu usisimame kujikung'uta hapohapo. Kimbia hatua ishirini, ndipo uvue. Kila jioni kagua kupe kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Lipia gari la kushuka usiku wa kuamkia siku ya nne, na nguo za tope zifunge kwenye mfuko wake, kwani saa kumi na moja alfajiri utakuwa unapakia gizani.