Somo: Namna ya kuchagua hoteli Dar es Salaam kulingana na shughuli iliyokuleta

Ndugu wanachama,

Wengi wanaotafuta hoteli Dar es Salaam huanza na bei, hufuata picha, na mwisho kabisa ndipo huuliza iko mtaa gani. Napendekeza mpangilio huo ugeuzwe, kwa sababu chumba cha bei nafuu kilicho upande wa jiji usiokuhusu hugharimu zaidi ukishajumlisha nauli za teksi na saa zinazopotelea kwenye foleni.

Hatua ya 1: Andika utakapokwenda na saa utakayotakiwa kufika.

Malango ya jiji hili yametawanyika. Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere uko Kipawa. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, kilichohama kutoka Ubungo mwaka 2021, kiko Mbezi Luis kwenye Barabara ya Morogoro. Stesheni ya treni ya SGR (reli ya kisasa) iko katikati ya jiji, na boti za Zanzibar huondokea bandarini, Barabara ya Sokoine. Mgeni ajihadhari na jina la Mbezi, kwa kuwa Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo karibu na bahari, mbali kabisa na mabasi hayo.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kabla ya kuchagua hoteli.

Mfanyabiashara anayefuata mzigo, awe ametoka Songea, Lubumbashi au Komoro, alale Kariakoo au pembeni yake, kwa maana manufaa yake yako katika kuyafikia maduka kwa miguu na kurudi chumbani mara kadhaa kwa siku. Kelele za Msimbazi na Mtaa wa Kongo hazikwepeki. Aombe chumba kisichotazama barabara, na aulize kama hoteli ina stoo ya kuhifadhi marobota mpaka wakala wa usafirishaji aje kuyachukua. Kiyoyozi kizuri kisicho na stoo hakimsaidii sana.

Anayemsindikiza mgonjwa ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu mara nyingi huchagua hoteli kwa haraka na hajui atakaa siku ngapi. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili iko Upanga, na katika eneo hilohilo zimo Taasisi ya Mifupa ya MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko ufukweni, si mbali sana na hapo. Atafute malazi Upanga, hata kama ni gesti ya kawaida, ilimradi iwe safi, iruhusu kupika au kupasha chakula, na ikubali bei ya wiki badala ya kutoza siku kwa siku. Ikiwa mgonjwa mwenyewe atalala hapo kati ya kliniki moja na nyingine, swali la lifti hutangulia mengine yote, na linafuatwa na swali la jenereta, kwani umeme ukikatika lifti isiyo na jenereta haina faida kwa mtu mwenye mguu uliofungwa plasta.

Anayehudhuria mkutano atazame ukumbi ulipo: wa Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere alale Posta au Kisutu, wa Mlimani City alale Sinza au Mwenge. Sinza ina nyumba nyingi za wageni za bei ya kati, lakini baa nazo ni nyingi, hivyo aulize kilicho jirani. Mwenye shughuli Masaki na Oysterbay ajiandae kulipa zaidi.

Hatua ya 3: Piga simu ya mapokezi.

Uliza kama bei inajumuisha kodi na chai ya asubuhi, kama maji ya bombani ni ya chumvi, kama kuna chandarua, na chumba kinatakiwa kuachwa saa ngapi. Katika Ramadhani, anayefunga aulize kama daku hupatikana. Jinsi unavyojibiwa ni kipimo pia: mapokezi yasiyojua kama jenereta inafika vyumbani hayatakusaidia saa nane za usiku.

Uwe makini na tarehe. Ndege ikitua saa tisa usiku wa kuamkia Jumanne, chumba kihifadhiwe kuanzia Jumatatu, la sivyo utasubiri hadi mchana.

Hatua ya 4: Ukifika, tazama chumba kwanza, ulipe baadaye. Fungua bomba, washa feni, jaribu kufuli.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Mwanza:* Shikamoo mwalimu. Basi letu hufika Mbezi usiku, na kesho yake nitapanda boti ya Zanzibar. Nilale Mbezi au niende mjini?

*Jibu:* Marahaba. Ikiwa tiketi yako ni ya boti ya asubuhi, nenda mjini usiku huohuo, kwa kuwa Barabara ya Morogoro usiku ni nyepesi na alfajiri hujaa magari yanayoelekea mjini. Ikiwa ni ya alasiri, lala Mbezi upumzike.

*Mwanachama wa Arusha:* Nasafiri peke yangu nikiwa mwanamke. Niangalie nini?

*Jibu:* Dada yangu, chagua penye mapokezi yenye mtu usiku kucha, omba chumba cha ghorofani chenye komeo la ndani, na mhudumu asitamke namba ya chumba chako mbele ya wageni wengine. Akitamka, una haki ya kuomba kubadilishiwa.

*Mwanachama wa Bujumbura:* Tunakuja na watoto watatu na tungependa bahari. Kigamboni inafaa?

*Jibu:* Inafaa sana kama mmekuja kupumzika tu. Ikiwa mtahitaji kwenda mjini kila siku, mtategemea pantoni ya Magogoni au daraja, na watoto watachoka. Hapo Oysterbay au Msasani ni afadhali. Ulizeni mapema bei ya kitanda cha ziada.

*Mwanachama wa Dodoma:* Mwajiri wangu amekataa risiti ya kuandikwa kwa mkono. Nifanyeje safari ijayo?

*Jibu:* Wakati wa kuhifadhi chumba, uliza kama hoteli hutoa risiti ya EFD (inayochapwa na mashine ya kielektroniki ya kodi), kisha uwape jina la taasisi yako na namba yake ya mlipakodi kabla hawajaichapa.