SOMO: Mchanga na kokoto za slabu (bamba la konkriti la sakafu au dari), kutoka kwa muuzaji hadi kwenye mchanganyiko

Kila mara kuna mtu anauliza hapa kama mchanga wa Nyando ni mzuri au kama kokoto za Kisian ni ngumu. Jina la mahali halitoshi. Malori mawili ya mto mmoja hutofautiana, moja likichotwa kiangazi na jingine baada ya mafuriko. Kwa hiyo naandika mara moja, nanyi mtakuwa mkielekezana hapa. Mchanga na kokoto huchukua karibu robo tatu ya konkriti. Vikiwa vibovu, simiti haiviokoi.

1. Mchanga ni punje zinazopita chekeche la milimita 5. Zinazobaki juu ni kokoto.

2. Slabu ya kawaida hutumia kokoto za hadi milimita 20. Kubwa kabisa isizidi theluthi ya unene wa slabu, wala robo tatu ya nafasi iliyo kati ya vyuma.

3. Shika kokoto mkononi. Zenye pembe hushikana vizuri na simiti. Za mviringo huhitaji maji machache, ila mshiko wake ni hafifu. Bapa zikiwa nyingi, kataa: hulala, maji yakajikusanya chini yake. Gonga moja kwa nyundo. Ikisagika unga, huo ni mwamba uliooza.

4. Pima udongo kabla lori halijamwaga. Chupa angavu, maji nusu, kijiko kidogo cha chumvi, mchanga, tikisa sana, acha itulie kwa muda wa saa tatu. Udongo hulala juu kama tabaka laini. Mchanga ukiwa na kimo cha milimita 100, udongo usizidi 8. Udongo huzizingira punje, simiti ikakosa pa kushika.

5. Unyevu. Hapa ndipo hata mafundi wazoefu huharibu kazi. Mchanga wenye unyevunyevu huvimba, kwa sababu utando wa maji husukuma punje zisikaribiane. Unaweza kuvimba kwa robo nzima, na ule laini hata zaidi. Tuseme unachanganya 1:2:4 (simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne) kwa sanduku la lita 35, ambalo ni takriban mfuko mmoja wa simiti. Masanduku mawili ya mchanga ni lita 70, lakini ukiwa umevimba kwa asilimia 25, mchanga halisi ni lita 56 tu. Konkriti inatoka kavu na yenye mashimo, fundi anaongeza maji ili imwagike, na nguvu inapotea. Nimeona nguzo ikifunguliwa mbao, vyuma vinachungulia nje.

Pima hivi: jaza mkebe mchanga huo bila kuushindilia, umwage pembeni, tia maji nusu ya mkebe, rudisha mchanga polepole ukikoroga. Uliojaa maji kabisa hurudi kimo chake cha kweli. Ukishuka kutoka sentimita 20 hadi 16, basi kila madebe manne ongeza la tano. ONYO: mchanga huo umekuja na maji yake, kwa hiyo punguza yale unayotia. ONYO LA PILI: mvua ikinyesha usiku, pima upya asubuhi.

6. Mwaga mchanga na kokoto juu ya mabati au sakafu, si juu ya udongo mweusi.

MASWALI

Jamaa_Ahero: Slabu ya vyumba vitatu inataka lori ngapi za kokoto?

Jibu: Vyumba vya ukubwa gani? Unene gani? Lori la tani ngapi?

Jamaa_Ahero: Fundi mwingine aliniambia mbili, hakuuliza chochote.

Jibu: Mwombe akuonyeshe hesabu kabla hujalipa. Bila urefu, upana na unene, mimi sikisii na pesa za mtu.

NyarKadibo: Mwalimu, mchanga wa ziwa una makombe ya konokono. Je, una chumvi ya kuozesha vyuma kama ule wa Pwani?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Ziwa Victoria ni maji yasiyo na chumvi ya bahari, kwa hiyo hofu hiyo iondoe. Makombe ndiyo shida, yana uwazi ndani, chekecha. Pia mchanga wa ziwa mara nyingi ni laini mno na unakunywa maji mengi. Changanya na mchanga mkubwa wa mto, kisha fanya jaribio la chupa.

Kijana_wa_Menengai: Huku Nakuru kuna yale mawe mepesi ya volkeno, mengine yanaelea majini. Yanafaa slabu?

Jibu: Kwa slabu na nguzo, hapana, usiyaweke mahali pa kokoto za kawaida kwa vipimo vilevile. Yana matundu mengi, yananyonya maji na yanapondeka. Kwa matofali mepesi ya ukuta usiobeba mzigo ni mazuri, tena huzuia joto. Yaloweshe kwanza. Waroma waliweka mawe ya aina hiyo sehemu ya juu ya kuba la Pantheon, hekalu lao la kale mjini Roma, ili kupunguza uzito, na bado limesimama.

Mama_Wawili: Kokoto zinazogongwa kwa mkono je? Ni nafuu.

Jibu: Mama, nunua, mradi mwamba ni mgumu. Ukubwa wake hutofautiana, basi chekecha na uoshe vumbi. Ukiweza, wanunulie wanaozigonga miwani ya kukinga macho.

Dereva_Muhoroni: Nyongeza: ulizeni lori lilibeba nini jana. Likitoka kubeba miwa, lioshwe kwanza.

Jibu: Asante, kaka, hili nililisahau. Sukari huchelewesha simiti kushika. Hata gramu 50 kwa mfuko wa kilo 50 zinatosha kuleta shida. Magunia ya sukari pia msiyatumie kubebea mchanga.