Skauti Akikaa Kwenye Jiwe, Wewe Fungua Kaunta Buku

Upande wa magharibi wa uwanja wetu hapa Igogo, Mwanza, kuna jiwe kubwa kama daladala mbili zilizopandana. Watu wa mtaani hukaa juu yake kutazama mazoezi. Mgeni utamjua upesi: goli likiingia hapigi kelele, anaandika kwenye simu, na mpira ukiwa kulia yeye macho yake yako kushoto, kwa mtoto asiye na mpira, aone anajipanga vipi. Huyo ndiye skauti. Anayeshangilia kanzu na tobo ni mpita njia kama wengine.

Nafundisha vijana kwenye uwanja huu tangu 2011. Kinachonilisha ni ufundi baiskeli; mpira ni kuanzia saa kumi jioni. Wageni wa jiwe nimewaona, wa kweli na wa uongo, na mara moja nilishiriki mwenyewe kumtia mama wa watu hasarani. Nitafika huko. Haya nawaandikia makocha wenzangu wa mtaani, na mzazi ambaye mwanawe anaanza kutajwatajwa.

Mgeni akishuka kwenye jiwe na kuuliza "yule namba saba ni nani," usimwite mtoto. Mpe mgeni kigoda, msalimie, muulize anatoka klabu gani na yeye ni skauti au wakala. Ni watu wawili tofauti. Skauti anaitafutia klabu wachezaji. Wakala anamwakilisha mchezaji, na tangu 2023 FIFA inamtaka awe amefaulu mtihani wao na ana leseni. Leseni ni ya mtu, si ya kampuni, kwa hiyo kadi yenye nembo inayong'aa haisemi kitu. Majina ya mawakala yapo kwenye tovuti ya FIFA. Muombe jina kama lilivyo kwenye pasipoti yake, tafuta hapohapo mbele yake. Wa halali hakasiriki, amezoea. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, wakala haruhusiwi hata kumsogelea mpaka ibaki miezi sita kufikia umri ambao sheria ya nchi anakokwenda kufanya kazi inamruhusu kusaini mkataba wa kulipwa, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi. Anayemnunulia mtoto wa miaka 13 njumu na kumwambia "usimwambie kocha" ameshajieleza.

Sasa suala la umri, maana hapa ndipo ndoto nyingi za Mwanza zinapogonga mwamba. Kanuni ya 19 ya uhamisho ya FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Milango iliyoachwa wazi ni michache. Mmoja ni wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizo za mpira. Kuna wa wakimbizi, na kuna wa wanafunzi wa kubadilishana kwa muda. Ule wa miaka 16 hadi 18 ni wa vijana wanaohama ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, mtoto wa Igogo haumhusu. Mwingine ni wa mpakani: nyumbani kwa mtoto na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, na kati yake zisizidi 100. Huo unaweza kumfaa mtoto wa Tarime anayetaka kuchezea timu ya upande wa Migori, mashirikisho yote mawili yakikubali. Wa Nyamagana, wilaya yetu hapa Mwanza, hapana.

Usidhani wakubwa wanaipuuza kanuni hii. Barcelona walifungiwa kusajili madirisha mawili kwa makosa ya watoto, adhabu iliyotangazwa 2014. Chelsea nao yakawakuta 2019. Kwa hiyo mtu akikwambia klabu kubwa ya Ulaya inamtaka kijana wako wa miaka 15 "mwezi ujao," muulize kwa mlango upi kati ya hiyo. Kisha kaa kimya umsikilize anavyohangaika.

Njia ya kweli ni ndefu. Kelvin John wa Morogoro alikwenda Uingereza kusoma na kufanya mazoezi kwenye chuo, na Genk ya Ubelgiji ikamsainisha 2021 alipotimiza 18. Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Congo, 2011, akafika Genk Januari 2016 akiwa na miaka 23. Wazazi wakinijia na haraka zao nawatajia Samatta na ile miaka yake ya Lubumbashi. Wengine hununa.

Kwa hiyo mtoto akiwa na miaka 13, 14, 15, kazi yako kocha si kumtafutia ndege. Kazi yako ni kuandika.

Nina kaunta buku la kwaya tatu, jalada limefungwa kwa nailoni ya mbolea. Kila mtoto ana kurasa mbili. Juu naandika jina kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, maana huku mtoto anaweza kuwa na jina la shule, la kanisani na la babu yake, na karatasi tatu zenye majina matatu ni watu watatu mbele ya ofisa. Chini yake namba ya cheti, tarehe aliyojiunga nasi, namba yake ya shule ya msingi na namba ya simu ya mzazi. Kila Januari na Juni nampima urefu kwenye nguzo ya goli la upande wa mlima, ambako nimechora alama kwa msumari, naandika sentimita. Kisha mechi: tarehe, timu tuliyocheza nayo, dakika alizocheza, namba aliyocheza. Majeraha pia. Naandika hata siku alizokosa kwa sababu alikwenda kusaidia kuanika dagaa.

Vijana wananicheka. Lakini lile daftari ndilo linalojibu swali ambalo skauti wa kweli huuliza kabla ya yote: ana miaka mingapi kweli? Hawatuamini, na sababu tumewapa wenyewe. Kupunguza umri tumekufanya kama sehemu ya mazoezi. Sasa kwenye mashindano ya chini ya miaka 17 vijana hupimwa kifundo cha mkono kwa MRI, waone kama mfupa umeshafunga. Serengeti Boys wenyewe, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walikwenda fainali za Afrika za 2017 baada ya Congo Brazzaville kuondolewa kwa kutompeleka mchezaji wao mmoja kwenye kipimo hicho. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kilichotolewa mtoto akiwa na miaka 16 kinatiliwa shaka kikiwa peke yake. Kikiambatana na kadi ya kliniki, rejista ya darasa la kwanza na urefu ulioandikwa kila miezi sita tangu akiwa mfupi kama meza, mashaka yanapungua. Kwangu mwenye umri wa kuchonga hachezi. Wawili walihamia timu jirani kwa sababu hiyo, na mmoja alikuwa mshambuliaji ambaye sijapata kama yeye mpaka leo. Iliniuma.

Daftari lina faida ya pili, ya fedha, ambayo makocha wa mtaani wengi hawaijui. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa timu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza 12 hadi ule anaotimiza 23. Kila mwaka wa kutimiza 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka wa kutimiza 16 hadi 23 una 0.5. Tuseme kijana kakaa kwako miaka minne ya mwanzo, halafu akiwa mkubwa klabu moja ya Ulaya ikamuuza kwa nyingine kwa euro 1,000,000. Miaka yako minne ni euro 10,000. Mbali na hiyo kuna fidia ya mafunzo, inayolipwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa kwenye klabu ya nje kabla ya kwisha mwaka anaotimiza 23. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo cha FIFA kilichoko Paris, kinachofuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya timu alizosajiliwa tangu utotoni.

Angalia neno hilo: alizosajiliwa. Kama timu yako haina usajili kwa msajili wa vyama vya michezo, si mwanachama wa chama cha mpira cha wilaya, na mtoto hajaingizwa kwenye mfumo wa TFF, shirikisho la mpira la nchi yetu, kupitia kwako, kwenye orodha hiyo haupo hata kama ulimnunulia uji miaka minne. Sisi tulicheza chandimu na mabonanza hadi 2019 bila usajili. Miaka minane ya jasho imeyeyuka. Nenda wilayani wiki hii, na usikubali kuambiwa "njoo kesho" zaidi ya mara tatu.

Video. Usimpelekee mtu klipu ya dakika mbili yenye muziki na mshale mwekundu. Skauti anataka mechi nzima, pamoja na pasi mbovu. Simu ya kawaida inatosha, ukiilaza. Sisi tunapigia juu ya jiwe letu, maana ukiwa chini unaona migongo tu. Jioni jua linazama upande wa ziwa, hivyo hakikisha liko mgongoni kwako, la sivyo wachezaji wote wanakuwa vivuli. Sema kwa sauti mwanzoni: tarehe, timu, namba ya jezi na tarehe ya kuzaliwa ya kijana. Jezi zetu namba zimebanduka, tunaandika upya kwa rangi ya mafuta niliyopaka baiskeli. Pandisha YouTube usiku, bando la usiku ni rahisi, na weka kiungo kwenye ukurasa wa kijana.

Sasa ile hasara. Mwaka 2018 alikuja mtu na barua ya mwaliko wa majaribio Ulaya, yenye muhuri. Winga wangu alikuwa na miaka 17. Mama yake anauza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mtu yule alitaka shilingi milioni mbili na laki tano, za viza na "bima." Mama akaniletea barua: "Mwalimu, wewe umesoma, hii ni ya kweli?" Niliisoma. Jina la klabu lilikuwa limekosewa herufi moja. Baruapepe ilikuwa ya zile za bure, si ya klabu. Niliviona vyote viwili, na nikasema ni ya kweli, kwa sababu nilitaka iwe ya kweli. Mama akauza mashine ya boti aliyokuwa anachangia na dada yake. Kijana alikaa gesti Dar siku kumi na moja, simu ya mtu yule ikazimwa, akarudi na basi. Siku hizi anaendesha bodaboda Mkuyuni. Ananisalimia vizuri, na hiyo ndiyo inayonitesa.

Kwa hiyo: klabu inayokutaka haikuombi hela. Barua ikija, usiijibu kwa anwani iliyoandikwa juu yake. Fungua tovuti ya klabu mwenyewe, tafuta anwani yao, uliza. Peleka nakala TFF. Pasipoti ya kusafiria mtoto aiombe Uhamiaji na mzazi wake, si kupitia mkono wa mtu, na ikitoka ikae nyumbani. Mkataba ukifika, msisaini siku hiyohiyo. Kwa kanuni za FIFA aliye chini ya miaka 18 hafungwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na ule wa wakala hauzidi miwili. Uwe kwa lugha ambayo mzazi anaielewa. Pale Mwaloni mama mmoja alisomewa mkataba wa Kiingereza kwa spika ya simu, samaki wakipimwa pembeni, akaambiwa aweke dole gumba. Alikataa. Nampenda sana mama yule.

Na daftari lenyewe usiliamini peke yake. Mvua za masika za mwaka mmoja ziliingia kwenye banda langu la baiskeli, kurasa za 2014 hadi 2016 zikawa uji wa bluu. Kuna kijana sasa ana miaka 20, anacheza ligi, na miaka yake mitatu kwangu haina wino. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi napiga picha kurasa zote, namtumia binti yangu aliyeko Shinyanga azihifadhi, na yeye hunijibu: "Baba, ukurasa wa tisa umetikisika, rudia."