Ngazi za pembeni zinazobeba gari zima: kutengeneza kinga ya vizingiti karakanani

Gari likiteleza kwenye tope la Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, likakaa juu ya jiwe, mara nyingi kinachoumia ni kizingiti, yaani lile boksi la bati lililo chini ya milango. Nguzo ya katikati ya milango imesimama juu yake, kwa hiyo kikibonyea hata kidogo mlango unaanza kukwama. Kukinyoosha ni kazi ya kukata bati na kuunga upya. Ngazi nyingi za kupandia zinazouzwa tayari hazisaidii hapo. Zimetengenezwa kubeba mtu mmoja, na jiwe likizisukuma zinajikunja kuelekea juu na kukibonyeza kizingiti chenyewe.

Jambo la kuzingatia tangu mwanzo ni uzito unakwenda wapi. Kinga inayofaa inaupeleka wote kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya gari, wala haigusi bodi popote. Bodi imekaa juu ya raba na inacheza kila gari linapojipinda, kwa hiyo kinga iliyoshikamana na chesisi lakini ikaigusa bodi itaigongagonga mpaka ipasue rangi, kisha bati. Ndiyo maana maelezo haya ni ya magari yenye chesisi iliyojitenga na bodi: Land Cruiser, Prado, Hilux, Pajero za kizazi cha pili. RAV4, Harrier na Forester hazina chesisi ya namna hiyo, na kuzifungia kinga ya aina hii ni kuharibu gari zima.

Vipimo kabla ya kununua chuma

Liweke gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kawaida. Pima kutoka nyuma ya tairi la mbele hadi mbele ya tairi la nyuma, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote mbili na upime tena. Acha angalau milimita 80 kila upande, maana tairi lenye tope linanenepa, na springi zikibonyea tairi halibaki pale ulipolipimia. Kwa Prado au Hilux ya milango minne, kinga ya mita 1.7 hivi hutosha.

Lala chini ya gari na tochi. Weka alama ya chaki kila unapoona bomba la breki, bomba la mafuta, nyaya na ekzosi. Mabomba mengi hupita upande wa ndani wa chesisi, na wewe utachomelea upande wa nje, lakini joto hupenya. Penye bomba nyuma yake, sogeza mguu wa kinga (kipande kinachotoka kwenye chesisi kubeba bomba kuu lililo chini ya kizingiti) au lifungue bomba hilo la gari ulivute pembeni. Usijifariji kwamba utachomelea haraka.

Pima pia kimo. Kinga ikining'inia chini sana, gari litakwama tumbo kwenye kila tuta, nayo ndiyo itakuwa ya kwanza kushika jiwe. Bomba kuu likae chini ya kizingiti, likiacha nafasi ya milimita 20. Wazee na akina mama waliovaa gomesi, lile vazi refu la Uganda, wanahitaji ngazi ya chini zaidi, na hilo ni hitaji la kweli. Suluhisho lake ni kidaraja kidogo cha kufunga na kufungua kwa bolti mbili, ambacho unakitoa kabla ya safari ya porini. Usiishushe kinga yote kwa ajili hiyo.

Chuma

Kwa pande zote mbili unahitaji bomba moja la mraba la milimita 60 kwa 60, unene milimita 4, urefu mita 6. Linatoa vipande viwili vya mita 1.7 na miguu minane ya sentimita 30, na kinachobaki ni kidogo sana, kwa hiyo panga mikato yote kwa chaki kabla ya kuwasha grenda. Kwa ukingo wa nje wa kukanyagia, chukua bomba la duara la milimita 48 lenye unene wa 3.2, mita 4 hivi. Mabamba manane ya chesisi, yanayokaa kati ya kila mguu na chesisi, ni ya milimita 150 kwa 100, unene 6. Ukimaliza, kila upande utakuwa na uzito wa karibu kilo 30.

Unaponunua chuma, uwe Kisenyi jijini Kampala au dukani mtaani kwako, nenda na kalipa, kifaa cha kupimia unene. Pima unene kwenye ncha iliyokatwa, si kwa maneno ya muuzaji. Bomba la milimita 2 linafaa geti, lakini jiwe litalibonyeza kama mkebe. Epuka pia mabomba ya maji yenye zinki. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoweza kukuletea homa na kutetemeka usiku huohuo, tena weldi inajaa matundu. Bomba jeusi ndilo la kutafuta.

Kuchomelea au kufunga kwa bolti

Kuchomelea kwenye chesisi ni imara zaidi ikiwa fundi anajua kazi. Kama humwamini mkono wake, funga kwa bolti. Lakini usitoboe chesisi ya boksi ukapitisha bolti na kuikaza tu: kuta zinabonyea, bolti inalegea, na tundu linapanuka kila safari. Ama weka kibomba kizito ndani kinachogusa kuta zote mbili, ama ibane chesisi katikati ya mabamba mawili ya milimita 8 kwa bolti za M12 (kipenyo milimita 12) za daraja la 8.8, yaani za chuma kigumu, zinazopita juu na chini yake. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi Nm 80, na urudie baada ya kilomita 100, kwa kuwa rangi iliyobanwa hupungua unene.

Ukichagua kuchomelea, toa kwanza waya hasi wa betri. Kibanio cha arthi kikae karibu kabisa na unapochomelea, kwenye chuma kilichokwanguliwa kikang'aa, ili umeme usipite kwenye beringi au kompyuta ya gari. Mtu mmoja asimame na kizimamoto upande wa pili. Mguu ukiangukia karibu na tangi la mafuta, lishushe tangi.

Bamba ndilo linalookoa chesisi. Mguu ukichomelewa moja kwa moja kwenye ukuta wa chesisi, nguvu yote inakwenda kwenye mraba mdogo, na ufa unaanzia pembeni mwa weldi. Viringisha pembe za bamba kwa grenda. Chomelea kingo za juu na chini tu, zinazofuata urefu wa chesisi, na uache kingo zilizosimama bila weldi, kisha ziba mwanya wake kwa silanti ili maji yasiingie. Weldi inayokata chesisi kutoka juu hadi chini ni kama alama ya kuonyesha mahali pa kuvunjikia. Usifike kabisa kwenye kona za chesisi pia. Bakiza milimita 15.

Rodi za kuchomelea za aina ya 7018 za milimita 3.2, kwa ampea 110 hadi 130, zinashika vizuri kwenye bamba, mradi ziwe kavu. Msimu wa mvua zinavuta unyevu, na weldi inapasuka baadaye bila wewe kuona. Kwa mabomba, rodi za 6013 za milimita 2.5 kwa ampea 70 hadi 90 zinatosha.

Kuunganisha

Inua bomba kuu kwa jeki mbili hadi likae mahali pake, weka vibao vya milimita 20 kati yake na kizingiti, kisha kata kila mguu kwa kipimo chake. Usikate yote sawa, maana chesisi hupanuka na kubana njiani. Miguu ipande kidogo kuelekea nje, nyuzi 10 hadi 15, ili jiwe lilisukume gari pembeni badala ya kulishika. Shikiza kila kiungo kwa nukta nne, shusha jeki, tazama kwa mbali kama kinga inakwenda sambamba na mlango.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Miguu yote iko upande wa ndani, na weldi ikipoa hujikunyata, basi ncha za bomba zinavutwa kuelekea gari. Ile nafasi ya milimita 20 inaweza kupotea nusu yake. Choma kipande cha sentimita 3 mguu wa kwanza, ruka hadi wa nne, rudi wa pili, kisha wa tatu, na uache chuma kipoe chenyewe. Usikimwagie maji.

Bomba la nje likae sentimita 10 kutoka bomba kuu, lisitokeze nje ya madigadi. Kama huna mashine ya kukunja, kata ncha zake nyuzi 45 na uunge vipande. Inapendeza na haidhoofishi kitu. Toboa tundu la milimita 8 chini ya kila bomba kabla ya kuziba ncha. Bila tundu, hewa ya ndani inapata moto na kutoka kwa nguvu kwenye sentimita ya mwisho ya weldi, na chuma kilichoyeyuka kinaruka kabla hujafunga. Tundu hilohilo ndilo litakalotoa maji baadaye. Katikati, kwa kukanyagia, wavu wa chuma ni bora kuliko bati la vinundu, kwani tope linapita.

Piga brashi ya waya, futa kwa thina, paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, kisha nyeusi. Lami si chaguo zuri hapa: inaficha nyufa.

Jaribu kabla ya kusafiri. Pima nafasi ya kizingiti, weka jeki katikati ya kinga, inua mpaka tairi za upande huo zikaribie kuachia ardhi, upime tena. Mtu yeyote asiwe chini ya gari. Nafasi ikipungua zaidi ya milimita 5, ongeza mguu au tia pembetatu ya bamba la milimita 6 kwenye kila kona ya mguu. Ukishusha gari, angalia rangi kando ya kila weldi ya bamba. Mstari mwembamba kama unywele ukionekana, kwangua hapo hadi chuma kitupu uone kama ufa ni wa rangi tu.